Hodi ya mnyonya damu: riwaya ninazozipendekeza, na moja ninayoipa kisogo

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita ameniomba nimtajie riwaya bora za wanyonya damu, wale ambao yeye na wenzake huwaita vampaya. Filamu amezitazama hadi zimemkinai, lakini kitabu hajafungua hata kimoja. Nilianza kumjibu kwa ujumbe mfupi wa simu, ujumbe ukarefuka, nikaona heri niuweke hapa ili wanaojua zaidi yangu wanisahihishe, na wengine wapate cha kusoma wakati huu wa mvua.

Kipimo changu ni kimoja, nacho ni hodi. Katika riwaya nyingi za aina hii mnyonya damu ana nguvu za kuvunja shingo ya mtu kama bua la mtama, lakini hawezi kuvuka kizingiti mpaka mtu wa ndani amwambie karibu. Sisi tuliofunzwa tangu utotoni kupiga hodi mara tatu na kuondoka tusipoitikiwa tunapaswa kulielewa jambo hilo haraka kuliko msomaji mwingine yeyote. Kwa hiyo swali ninaloliuliza kila kitabu si mnyonya damu anatisha kiasi gani, bali ni nani aliyemwitikia, na kwa nini.

*Dracula* ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, ndiyo ninayoirudia mara nyingi zaidi. Stoker alikuwa mzaliwa wa Dublin aliyefanya kazi ya kusimamia ukumbi wa maonyesho wa Lyceum jijini London, na Transylvania hakufika kamwe. Milima yote ile aliisoma maktabani, na jina la Dracula alilikuta katika kitabu alichokiazima mwaka 1890 akiwa mapumzikoni katika mji wa bandari wa Whitby. Riwaya yenyewe haina msimulizi mmoja. Imeundwa kwa shajara, barua, telegramu, vipande vya magazeti na sauti ya daktari iliyorekodiwa kwenye mitungi ya nta, na yote hayo Mina Harker anayapiga taipu usiku na mchana ili kundi lake lijue lilichokwisha kukijua. Msomaji anaona hatari mapema kuliko wahusika, kwa sababu yeye ameshikilia karatasi zote mkononi.

Sura nne za mwanzo ni shajara ya Jonathan Harker, wakili kijana aliyetumwa kukamilisha ununuzi wa nyumba. Angalieni anavyopokelewa. Mwenyeji, ndiye Dracula, amesimama mlangoni na taa mkononi, hasogei hata hatua moja kumlaki, na anamtaka aingie kwa hiari yake mwenyewe. Harker anapokivuka tu kizingiti, yule mzee anaruka mbele na kumshika mkono kwa kiganja baridi kama barafu. Siku chache baadaye Harker amekitundika kioo chake kidogo karibu na dirisha, ananyoa ndevu, na ghafla anasikia mkono begani na sauti inayomwamkia, ilhali kioo kinaonyesha chumba kizima nyuma yake bila mtu yeyote. Anajikata kidevuni. Damu inachuruzika, mwenyeji anamrukia kooni, vidole vinagusa rozari aliyoivaa, na ile ghadhabu inakatika papo hapo. Kisha mzee anakichukua kioo na kukitupa nje ya dirisha, na Harker, badala ya kupiga mayowe, anaandika kwamba sasa hajui atanyoa vipi. Sentensi hiyo moja inanitisha kuliko meno yote ya sinema.

Waliozoea filamu watashangaa kwa mambo mawili. La kwanza, Dracula wa kitabuni hutembea mchana. Anapungukiwa nguvu, lakini haungui, na Jonathan anamwona kwa macho yake katikati ya London, kwenye barabara ya Piccadilly, akimkodolea macho msichana aliyevaa kofia kubwa. Kufa kwa mwanga wa jua kulienezwa na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, *Nosferatu*, ambayo mjane wa Stoker aliishtaki hadi mahakama ikaamuru nakala zake ziteketezwe. La pili, mwishoni hauawi kwa kigingi cha mti, bali kwa visu viwili. Nina pia kasoro ya kuitaja. Mhusika Lucy anaongezewa damu ya wanaume wanne tofauti bila yeyote kuuliza kama inapatana na yake, na wanaofanya kazi maabara watacheka, ingawa haki ya Stoker ni kwamba makundi ya damu yalikuja kuelezwa mwaka 1901, miaka minne baada ya kitabu.

Na hodi? Katikati ya riwaya, Profesa Van Helsing, anayewaongoza wanaomwinda Dracula, anaeleza kwamba huyu kiumbe haingii nyumba yoyote mara ya kwanza pasipo mtu wa nyumba hiyo kumkaribisha, lakini akishakaribishwa huingia na kutoka apendavyo. Mashujaa wetu wamejifungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wamejipanga, wana silaha. Anayemkaribisha ni Renfield, mgonjwa anayekula nzi na buibui, ambaye hakuna aliyemsikiliza alipokuwa akiomba kwa machozi aondolewe mahali pale usiku huohuo. Ameahidiwa panya kwa maelfu. Mlango unafunguliwa na yule waliyempuuza, na anayeumwa ni Mina, mwenye akili kuwapita wote.

Kabla ya *Dracula* kuna *Carmilla* ya Sheridan Le Fanu, naye mtu wa Dublin. Ilichapwa kwa vipande jaridani kuanzia mwaka 1871, kisha ikaingia katika mkusanyo wa hadithi zake mwaka 1872. Ina sura 16 fupi, unaimaliza kwa usiku mmoja. Laura anaishi na baba yake katika kasri la upweke huko Styria, nchini Austria. Jioni moja yenye mbalamwezi gari la farasi linapinduka mbele ya nyumba yao, bibi mwenye haraka anasema safari yake haingoji hata saa moja, na baba mwenye moyo mwema anajitolea kumhifadhi binti wa bibi huyo kwa miezi mitatu. Sisi husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, na mwenyeji anaanza kudhoofika. Le Fanu hana papara. Anatuonyesha binti mzuri anayeshuka chumbani saa saba mchana, anakunywa kikombe cha chokoleti, hali chochote, na mwenyeji kwa adabu haulizi. Baadaye fundi anarudisha picha za zamani alizozisafisha, na katika mojawapo, yenye mwaka 1698, anaonekana binti yuleyule na alama yake ileile shingoni.

*I Am Legend* ya Richard Matheson, ya mwaka 1954, inaigeuza hodi kichwa chini. Robert Neville ndiye binadamu pekee aliyesalia Los Angeles baada ya maradhi kuwageuza wengine wote. Mchana anachonga vigingi na kutundika vitunguu saumu. Usiku anaongeza sauti ya santuri na kunywa wiski ili asimsikie jirani yake wa zamani, Ben Cortman, akimwita nje kwa jina: atoke, atoke. Kwa hiyo humu hodi haikomi, na ushujaa wote ni wa kutoitikia. Mwandishi anajaribu pia kuueleza unyonyaji damu kwa sayansi, bakteria na hadubini, jambo ambalo wengine hulisifu. Mimi huzipitia kurasa hizo haraka. Kinachonikaa moyoni ni mke wake. Sheria ilitaka maiti zote zichomwe, naye alishamwona bintiye akitupwa katika shimo la moto. Mke alipokufa hakuweza kuyarudia, akamzika kwa siri. Mtu anafika mlangoni usiku, anakigusa kitasa, na anaita jina la Neville kwa sauti anayoijua. Aliyetazama ile filamu ya mwaka 2007 asidhani kwamba anaujua mwisho wa kitabu, maana ni vitu viwili tofauti kabisa.

*'Salem's Lot* ya Stephen King, ya mwaka 1975, ni riwaya yake ya pili kuchapishwa, na kwa maoni yangu bado hajaandika iliyosimama imara zaidi. Mji mdogo wa jimbo la Maine unakufa nyumba kwa nyumba, na wakazi wanauzoea msiba kwa kusema ni mafua. Mtoto Danny Glick, aliyekwisha kuzikwa, anaelea nje ya dirisha la ghorofani na kumwomba rafiki yake Mark amfungulie. Mark, mtoto wa miaka kumi na miwili hivi mwenye sanamu za plastiki za majitu, anajua kanuni kuliko watu wazima, na msalaba mdogo wa plastiki alioung'oa kwenye sanamu ya makaburi ndio unaomwokoa.

Wengine naomba mniongezee.

Mchangiaji wa Mombasa

Mkuu, shukrani kwa uzi. Nimekubaliana nawe kwa mengi, lakini umeiacha *Interview with the Vampire* ya Anne Rice, ya mwaka 1976, na huwezi kumpa kijana orodha bila kitabu hicho. Kabla ya Rice, mnyonya damu alikuwa kitu kinachosimuliwa na watu wanaokiwinda. Rice alimketisha kwenye kiti na kumwachia aseme mwenyewe. Louis, mwenye shamba karibu na New Orleans, anageuzwa mwaka 1791 na kumweleza kijana mwandishi wa habari miaka yote iliyofuata, mbele ya kinasa sauti, chumbani San Francisco. Na yupo Claudia, mtoto wa miaka mitano aliyegeuzwa, ambaye akili yake inakua ikawa ya mwanamke mzima huku mikono yake ikibaki ya kushika mwanasesere. Rice alimpoteza bintiye mwenyewe kwa saratani ya damu mwaka 1972, kabla mtoto hajatimiza miaka sita. Ukilijua hilo, sura za Claudia hazisomeki bila kusimama na kupumua.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, sikuisahau, niliiacha kwa makusudi. Wanyonya damu wa Rice hawahitaji kukaribishwa, misalaba haiwatishi, na Louis analia kurasa nyingi mno. Claudia nakukubalia bila ubishi.

Mchangiaji wa Mombasa

Basi umeitafuta hodi mahali pasipo pake, mkuu. Mlango wa kitabu kile ni kile kinasa sauti. Yule kijana anasikiliza usiku kucha maovu, majuto na upweke, na kanda zinapokwisha anaomba naye ageuzwe. Louis anapandwa na hasira kwa sababu amesimulia ili aonye, na msikilizaji amesikia mwaliko. Kipimo chako kimetimia, ila aliyepiga hodi ni binadamu.

Mwanzisha uzi

Hapo umenipata. Nairudisha kwenye orodha.

Mchangiaji wa Dodoma

Habari zenu. Mimi ni kijana kidogo katika jamvi hili na najua nitachekwa, lakini nilianza kusoma riwaya nene kwa sababu ya *Twilight* ya Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005. Bila hiyo nisingefika kwa hao wengine. Naomba heshima yake ilindwe.

Mwanzisha uzi

Hakuna atakayekucheka, mdogo wangu, na kitabu kinachomfanya mtu apende kusoma hakidharauliwi. Mimi nimekipa kisogo, lakini si kwa sababu ngozi ya Edward, mnyonya damu wa humo, inametameta juani, kama wengi wanavyolalamika. Kila mwandishi ana ruhusa na jua lake. Nimekipa kisogo kwa sababu Edward anaingia chumbani kwa msichana usiku na kumtazama akiwa amelala, bila hodi wala taarifa, na kitabu kinalihesabu jambo hilo kuwa mapenzi. Dracula mwenyewe angeona haya.

Mchangiaji wa Stockholm

Salaam kutoka baridini. Kwa kuwa mnazungumzia hodi, mmekipita kitabu ambacho jina lake lenyewe ndiyo hodi: *Låt den rätte komma in* cha John Ajvide Lindqvist, cha mwaka 2004. Kwa Kiingereza kinaitwa *Let the Right One In*. Kisa kinatokea mwaka 1981 huko Blackeberg, kitongoji cha Stockholm ambacho huwa nakipita kwa treni, chenye majengo ya ghorofa na theluji inayogeuka tope. Oskar ana miaka 12 na shuleni anaonewa kila siku. Eli, ambaye ni mnyonya damu, anahamia nyumba ya pili, na watoto hao wawili wanajifunza alama za Morse ili wagongeane ukutani usiku. Hata urafiki wao, basi, umeanza kwa kubisha.

Lipo tukio ambalo nadhani mwanzisha uzi atalipenda. Eli amesimama mlangoni anasubiri aambiwe aingie. Oskar, kwa utani wa kitoto na kwa kutaka kujua, anakataa kulitamka neno. Eli anaingia hivyohivyo, na damu inaanza kumtoka machoni na kwenye vinyweleo vya mwili mzima, mpaka Oskar anapopiga kelele za kumkaribisha. Kanuni ambayo wengine waliiandika kama sheria ya mchezo, Lindqvist ameionyesha kama maumivu. Natahadharisha tu kwamba kitabu ni kikali kuliko filamu ya mwaka 2008, na mtu anayeishi na Eli mwanzoni ana tamaa mbaya kwa watoto. Mwandishi hamsafishi, lakini hatuepushi naye. Mpwa wako, msubirishe kidogo.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana. Nilikuwa nimeiona filamu tu. Kitabu nimeshakiagiza.

Mchangiaji wa Tanga

Wakuu, mimi naleta jambo la nyumbani, na naomba nisionekane nimetoka nje ya mada. Bibi yangu hakuwahi kumsikia Dracula, lakini jioni ilipoingia alikuwa akituita ndani kwa neno moja: mumiani. Tulijua maana yake. Ni watu wanaokamata watu na kuwatoa damu, damu ikauzwe iwe dawa. Neno lenyewe ni la zamani, na katika kamusi za kale mumiani ni dawa nyeusi kama utomvu, iliyotumika kwa maumivu na mifupa iliyovunjika. Kule Nairobi na Kampala enzi za ukoloni watu walisema ni wazimamoto, yaani kikosi chenye magari mekundu na ndoo, ndio wanaowanyonya damu wapita njia.

Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, *Speaking with Vampires*, kilichotoka mwaka 2000. Si riwaya, lakini nakipendekeza kwa nguvu zote, kwa sababu hauulizi uvumi huo kama ni kweli au uongo. Anauuliza watu waliousimulia walikuwa wanasema nini kuhusu kazi, mishahara, hospitali na serikali. Tofauti na hao wa Ulaya naiona hapa. Dracula ni mwungwana wa kale anayenunua nyumba kupitia wakili, na lazima akaribishwe. Mumiani hana meno marefu wala jeneza. Ana sare, ana gari, na yeye mwenyewe ni mwajiriwa anayelipwa kwa kazi hiyo. Hapigi hodi kwa sababu aliyemtuma hana desturi ya kupiga hodi. Natamani sana kuisoma riwaya ya Kiswahili itakayomchukua mumiani huyo na kumwandika kwa uzito, si kama kichekesho.

Mwanzisha uzi

Mada hujaitoka hata kidogo, mama. Umenifanya nikione kipimo changu kuwa ni cha watu wenye milango inayofungika.

Mchangiaji wa Toronto

Kwa hoja hiyo ya dada yetu wa Tanga, naongeza vitabu viwili vya waandishi weusi wa Marekani. *The Gilda Stories* ya Jewelle Gomez, ya mwaka 1991, inaanza Louisiana mwaka 1850 na msichana aliyetoroka utumwani, na inakwenda mbele karne mbili. Humo anayechukua damu anatakiwa aache kitu kama malipo, ndoto au faraja, asimwache mtu mikono mitupu.

Kingine ni *Fledgling*, riwaya ya mwisho ya Octavia Butler, iliyotoka mwaka 2005, miezi michache kabla hajafariki. Shori anaamka pangoni akiwa ameungua na hajui jina lake. Anaonekana kama mtoto wa kike mweusi wa miaka kumi, kumbe ana miaka 53. Jamii yake, wanyonya damu waitwao Waina, huungua juani, lakini yeye amezaliwa kwa majaribio yaliyochanganya damu yao na ya binadamu mweusi, na weusi wa ngozi yake ndio unaomwezesha kusimama mchana. Wapo wenzake wanaotaka afe kwa sababu hiyohiyo. Binadamu wanaoishi na Waina wanaupenda mng'ato, wanakuwa na afya na wanaishi miaka mingi, lakini wakishazoea hawawezi kuondoka wakabaki hai. Je, aliyesema karibu kabla hajajua hilo, amekaribisha kweli? Butler hakupi jibu la kukupumzisha. Nikiri pia kwamba uhusiano wa Shori na mwanamume mtu mzima, ilhali umbo lake ni la mtoto, unasomeka kwa shida, na nadhani alikusudia iwe hivyo.

Mchangiaji wa Dodoma

Samahani wakuu, mmenijazia vitabu kumi na mimi nina simu na bando dogo. Kipi nianze nacho usiku huu?

Mwanzisha uzi

Anza na *Carmilla*. Haki miliki yake imekwisha siku nyingi, na *Dracula* vilevile, kwa hiyo vyote viwili vinapatikana bure na kihalali katika maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Faili la maandishi matupu halizidi ukubwa wa picha moja ya simu. Usisome utangulizi wa mhariri yeyote. Wana tabia ya kufichua kila kitu.

Mchangiaji wa Dodoma

Nimerudi. Ni saa tisa usiku na nimeimaliza sasa hivi. Umeme ulikatika nilipofika kwenye ile picha ya mwaka 1698, nikaendelea kwa mwanga wa simu. Ile sentensi ya mwisho, ambapo Laura, miaka mingi baadaye, bado hudhani amesikia hatua nyepesi za Carmilla mlangoni mwa sebule, nimeisoma mara mbili, kisha nikanyanyuka kwenda kuangalia komeo. Lilikuwa limefungwa. Kaka yangu anayefanya kazi zamu ya usiku amegonga muda huohuo na kuniita kwa jina, nami nimemwacha nje kama dakika tano, namuuliza maswali.